Mbwigu mgongo-mwekundu Visiwani: umngoje vuli au masika?

Kila mwaka swali hunijia kwa sura ile ile. Mtu kanunua darubini ya mtumba soko la Darajani, Unguja, au kaazima ya shemeji yake. Kasikia kuna ndege mdogo anayetoka Ulaya na kupita kwetu, anayewinda kama kipanga na kuchomeka windo lake kwenye miiba. Anataka kumwona kwa macho yake. Kisha anauliza: "Nina likizo ya siku nne tu. Nije vuli au nije masika?"

Zamani nilijibu masika bila kufikiri. Siku hizi namuuliza kwanza anataka kumwona ili iweje. Mbwigu mgongo-mwekundu hutupitia mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza anashuka kutoka Ulaya na Asia ya magharibi kwenda kusini mwa Afrika, nasi tuko katika vuli. Mara ya pili anarudi kwao kuzaa, nasi tumo katika masika. Vitabuni ni ndege mmoja, Lanius collurio, jina alilopewa mwaka 1758 na Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya viumbe. Lakini ukimwona Novemba kisha ukamwona Aprili unaweza kuapa kuwa ni ndege wawili wasiojuana. Kwa hiyo anayechagua msimu anachagua pia ni mbwigu yupi atakutana naye.

Ratiba yake, kwa wanaokumbuka hadithi za wazee, ni ya majahazi ya Arabuni: yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi. Tofauti ni kwamba mbwigu haandamani na wenzake. Husafiri peke yake, tena usiku.

Kwanza umjue

Ana urefu wa sentimita 17 hivi na uzito wa gramu 30 kwenda juu kidogo, yaani karibu nusu ya yai la kuku. Kichwa ni kikubwa kwa mwili wake, mkia mrefu kiasi, na mdomo mfupi mnene wenye ncha iliyopinda. Karibu na ncha hiyo pana kijino kila upande, cha kuvunjia shingo ya windo. Miguu yake, hata hivyo, haina nguvu ya miguu ya kipanga, hawezi kubana panzi mkubwa au mjusi na kumchana kwa raha. Ndipo miiba inapomfaa: windo likishachomekwa halitikisiki, naye analichuna kidogo kidogo. Lanius kwa Kilatini ni mchinjaji, mwenye bucha, na aliyempa jina hilo hakukosea.

Msimamo wake ni alama kubwa kuliko rangi. Hukaa wima juu kabisa ya kichaka, kwenye kigingi cha ua au waya wa umeme, mahali palipo wazi, akitazama chini. Shore hukaa kichakani akipiga kelele, na kipwe, yule mweusi na mweupe wa Unguja ambaye ni jamaa wa mbali wa mbwigu, hupenda kujificha ndani ya majani. Mbwigu hajifichi. Ukiona ndege mdogo ameketi kileleni kama mlinzi wa konde la mpunga, kimya, mkia ukichezacheza huku na huku, basi inua darubini.

Nilivyolinganisha

Nimeipima misimu yote miwili kwa mambo matano yale yale. La kwanza ni sura: utaona nini hasa. La pili ni tabia: atafanya nini mbele yako. La tatu ni uhakika wa kumpata. La nne ni mvua na njia, kwa sababu ndege mzuri aliye ng'ambo ya tope la magotini si wa kila mtu. La tano ni wale wanaofanana naye, watakaokufanya urudi nyumbani na jina lisilo lake. Sikuhesabu gharama kama jambo la peke yake. Nimeigusa kwenye njia.

Sura

Tuanze na vuli. Wengi utakaokutana nao kati ya mwisho wa Oktoba na Desemba ni vijana wa mwaka ule ule, waliotoka kiotani Juni au Julai katika vichaka vya Ulaya. Hao hawana mgongo mwekundu wa kujivunia. Juu wana rangi ya kahawia iliyojaa mistari midogo iliyopinda kama mwezi mwandamo, chini ni weupe uliochafuka, na ubavuni mistari hiyo hupangana kama magamba ya changu. Utepe wa machoni ni wa kahawia na hafifu. Jike mkubwa anafanana nao sana, ila mgongo wake ni wa kahawia tupu au una mistari michache mno, na kisogo chake huelekea kijivu. Madume wakubwa nao wapo, wachache, na rangi zao utazitambua, lakini ni rangi za kanga iliyofuliwa miaka miwili. Manyoya yale waliyolelea watoto ndiyo hayo hayo waliyovukia jangwa.

Baada ya kutupita, mbwigu wanakaa kusini, Botswana, Namibia, Zimbabwe, Msumbiji, Afrika Kusini, na kati ya Desemba na Machi wanabadili manyoya yote, ya mwili, ya mbawa na ya mkia. Vijana nao wanabadili. Wanaorudi masika wamevaa nguo mpya kabisa.

Dume wa Aprili ni bwana harusi. Kichwa kijivu safi mpaka kisogoni. Wanja mweusi kutoka mdomoni, kupita jichoni hadi nyuma ya sikio, mnene kiasi kwamba jicho lenyewe hulioni mpaka lishike mwanga. Koo jeupe. Kifua kina wekundu wa waridi uliofifia ambao kwenye picha za simu hupotea wote. Mgongo na mabega ni rangi ya gome la mdalasini lililoloweshwa. Akiruka, kiuno ni kijivu na mkia mweusi una weupe pande mbili karibu na shina. Jike wa Aprili hana mapambo hayo, lakini kahawia yake imekolea na magamba ya kifuani yamepangika vizuri kuliko ya Novemba. Na wale vijana wa kiume waliopita vuli wakiwa na mistari, sasa huwezi kuwatenga na baba zao kwa mbali.

Kwa uzuri wa macho, basi, masika ina ushindi wa wazi. Lakini nina neno la kuitetea vuli. Anayemjua mbwigu kwa dume wa Aprili tu hamjui mbwigu. Anajua nguo.

Nilijifunza hivyo kwa aibu. Novemba moja nilikuwa kwenye uwanda wa maweni karibu na Micheweni, kule Pemba, nikaandika kwenye daftari "shomoro jike, mmoja, juu ya mkwamba". Mzee aliyekuwa akikata kuni karibu akaniuliza natazama nini. Nikamwambia, "Shomoro tu, ami." Akacheka. "Yakhe, shomoro gani anakaa peke yake tangu alfajiri? Mtazame anavyoshuka." Nikamtazama. Kishomoro changu kikashuka chini kama jiwe, kikarudi na panzi mwenye urefu wa kidole, kikampigapiga kwenye tawi mpaka miguu ikang'oka. Mzee hakuwa na jina la ndege yule wala hakulihitaji. Alikuwa ameshaona tabia, mimi nikiwa bado kwenye rangi.

Tabia

Uwindaji wake ni wa kungoja. Anachagua kilele cha mita moja au mbili hivi, anakaa, anageuza kichwa, anashuka ghafla, anarudi pale pale au kilele cha jirani. Mara nyingine humkamata mdudu hewani. Chakula chake kikubwa ni wadudu: panzi, nyenje, mende wa shambani, kerengende, nyigu na nyuki, na akimpata mjusi mdogo hamwachi. Magamba ya wadudu yasiyosagika huyatapika kama kidonge, na chini ya kilele anachokipenda unaweza kuviokota vidonge hivyo vikavu. Watoto wa skuli hupenda sana kazi hiyo ya kuvifungua kwa sindano na kutafuta miguu ya panzi.

Misimu yote miwili utaona uwindaji huu, lakini hauonekani kwa namna moja. Mbwigu wa vuli niliowafuatilia mimi wamekuwa watulivu zaidi. Kijana aliyechoka akipata kipande cha uwanda chenye panzi wa kutosha, huwa simshangai nikimkuta kesho yake kichaka kile kile. Vuli mvua zinakuja kwa vipande, nyasi zinaota upya, wadudu wanaibuka, naye anakula. Unaweza kukaa chini ya mnazi saa nzima ukahesabu kashuka mara ngapi na kapata mara ngapi. Ndiyo darasa lenyewe hilo.

Wa masika ana haraka. Huyu anatakiwa awe kwao mwanzoni mwa Mei, na safari nzima kutoka kusini mwa Afrika mpaka Ulaya ya kaskazini inakaribia kilomita 10,000. Anakula kwa bidii maana mbele yake pana Pembe ya Afrika, kisha Arabuni, kisha majangwa. Leo wapo watano kwenye ua mmoja, kesho ua mtupu. Anachokupa badala ya utulivu ni sauti. Vuli husikii zaidi ya "chak" kavu akishtuka, na hata hiyo ni bahati. Kuelekea kurudi, madume huanza kujipigia wimbo wa chini chini, mrefu, wenye mikwaruzo na vipande alivyoviiba kwa ndege wengine. Ni wimbo wa mtu anayejikumbusha maneno kabla ya kupanda jukwaani. Ukiwa umbali wa hatua kumi na upepo umetulia, utausikia. Ukiwa mbali zaidi utaona koo tu likicheza.

Sasa miiba. Wengi wanaoniuliza wanataka hiyo, na lazima niseme kweli: usije kwa ajili ya miiba, si vuli wala masika. Ghala la miiba ni jambo la huko anakozaa, Mei mpaka Julai, wakati jike anaatamia mayai manne mpaka sita kwa wiki mbili hivi na baadaye makinda yanalia njaa. Siku ya mvua na baridi wadudu hawaruki, na hapo panzi wa jana aliyechomekwa anaokoa nyumba. Hapa kwetu ni mpita njia asiye na wa kumlisha ila tumbo lake, na kuweka akiba ni nadra. Miaka yote hii nimeona panzi mmoja tu juu ya mwiba wa mdimu, na aliyemweka pale sikumwona.

Uhakika wa kumpata

Kwenda na kurudi hapiti njia moja. Akishuka, mkondo mkubwa huingia kupitia mashariki ya Bahari ya Kati na Misri, hutua kwa wiki nyingi katika ukanda wa Sahel, kusini mwa jangwa la Sahara, kisha huteremka ndani kwa ndani ya bara. Akirudi huvuta mashariki zaidi: Afrika Mashariki, Pembe ya Afrika, Arabuni. Njia yake yote, ukiichora kwenye ramani, ni kitanzi. Haya yalithibitika zaidi watafiti walipowafunga mbwigu mgongoni vifaa vidogo vinavyorekodi mwanga wa jua, kisha wakasoma humo ndege alikuwa wapi kila siku.

Kwa hiyo masika wanapita wengi zaidi upande wetu. Nasema upande wetu, si visiwani kwetu hasa. Visiwa vinapata makombo ya karamu ya bara. Unguja imetengwa na bara kwa bahari ya kilomita 36 hivi pale penye wembamba, Pemba kwa zaidi ya hapo, na ndege wa usiku anayejua njia hana sababu ya kukata maji. Tunaowapata ni waliosukumwa na upepo, au waliopambazukiwa juu ya bahari wakaona kijani.

Vuli inakupa wiki nyingi zenye ndege wachache: kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Desemba unaweza kumkuta mmoja siku yoyote, na kukosa siku tatu mfululizo ni kawaida. Masika inakupa wiki chache zenye nafasi kubwa: mwisho wa Machi wanaanza, wiki tatu za mwanzo za Aprili ndizo zenyewe, na mwezi ukiisha wamekwisha. Mwenye siku nne anazozijua mapema anabahatisha kidogo zaidi masika kuliko vuli, ilimradi aziweke ndani ya wiki hizo tatu. Mwenye Jumapili nyingi lakini moja moja, vuli inamvumilia.

Hata ratiba hiyo huweza kuchelewa. Mwaka 2011, ukame ulipoikamata Pembe ya Afrika, mbwigu walikaa pale muda mrefu kuliko kawaida wakitafuta chakula cha safari, na Ulaya wakafika wamechelewa.

Mvua na njia

Aprili ndiyo mwezi wa mvua nyingi kuliko yote visiwani. Si manyunyu. Mabonde ya mpunga, kama Cheju, yanajaa maji, njia za makondeni zinakuwa utelezi, lenzi inaota ukungu kila ukiitoa mfukoni. Gari ya shamba itakufikisha barabarani, kutoka hapo ni wewe na ndala zako mkononi. Kwa upande mwingine, hoteli nyingi za ufukweni ama zimefungwa ama zimeshusha bei, na kila mahali ni kimya. Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa anaweza kulala kwa bei ambayo Desemba asingeulizia. Boti ya kwenda Pemba siku za kusi kali ni mtihani wa tumbo. Mengine sisemi.

Vuli mvua hunyesha na kuacha. Asubuhi mara nyingi ni nyeupe, mawingu yanakusanyika mchana. Nenda saa 12 asubuhi, saa 4 umeshamaliza. Pemba unaweza kuwa ungali msimu wa karafuu, majamvi yameanikwa kando ya barabara na kila mtu yuko shambani, hivyo kuna watu wa kuwauliza njia na kuna macho mengi yanayoona ndege kuliko yako. Upungufu wa vuli uko mwishoni: Desemba wageni wanafurika na bei zinapanda nao.

Wanaomchanganya

Msimu mgumu ni vuli. Kijana wa mbwigu mgongo-mwekundu anafanana mno na kijana wa binamu yake wa Asia ya kati, mbwigu mkia-mwekundu, ambaye pwani ya Afrika Mashariki naye huifikia. Subiri aruke. Mkia wa binamu huyo una wekundu wa kutu unaoonekana tofauti na mgongo wake uliopauka, na mwili mzima una rangi ya mchanga. Mkia wa mgongo-mwekundu kijana ni wa kahawia iliyokolea, na mistari ya mgongoni mwake ni mingi na iko wazi zaidi. Kama hakuruka, andika "mbwigu kijana" na uishie hapo. Hakuna aibu. Shomoro jike nimeshamtaja, nisikumbushwe.

Masika kazi ni nyepesi. Dume hafanani na yeyote. Anayeweza kukupa shaka kwa mbali ni mbwigu-kijivu mdogo, ambaye Aprili naye hurejea kaskazini kupitia Afrika Mashariki. Huyo ni mkubwa kidogo, mgongo wake wote ni kijivu bila mdalasini, na wanja wake umepanda mpaka kipajini kama kofia iliyoshushwa usoni. Jike wa mgongo-mwekundu anahitaji dakika moja zaidi, lakini mara nyingi dume hayuko mbali na mwanga ni mmoja, ukalinganisha.

Na katikati, wakati wa kaskazi?

Nimeulizwa pia kuhusu Januari na Februari, maana hali ya hewa ni nzuri na nyumba zimejaa wageni. Wakati huo kundi kubwa liko kusini. Tembea ufukweni, ule urojo.

Inategemea wewe ni nani

Mwalimu mwenye klabu ya mazingira skuli, chukua vuli. Watoto hawaloi mpaka mifupani, ndege anatulia, na ugumu wa kumtambua ni faida: wakijifunza kutofautisha kijana wa mbwigu na shomoro kwa kutazama anavyokaa na anavyoshuka, wamejifunza kutazama ndege yeyote. Wape kazi ya kuhesabu mashuko kwa nusu saa. Na uwaambie mapema juu ya ulimbo na manati. Ndege anayekaa wazi kileleni ndiye rahisi kuliko wote kumtega, na huyu amevuka mabara mawili kuja kukaa hapo.

Mpiga picha mwenye lenzi ya maana, masika, bila kusita, pamoja na mfuko wa plastiki na taulo kavu. Mwanga wa Aprili baada ya mvua, saa 1 na nusu asubuhi, na dume juu ya mkunazi uliolowa: picha hiyo vuli haina. Kama kamera yako ni simu iliyowekwa kwenye kioo cha darubini, fikiri tena. Utahitaji ndege asiye na haraka, na huyo ni wa vuli.

Mtembeza wageni ana mtihani wake. Ndege mzuri anakuja wakati wageni hawapo. Ukiwa na wageni wa Novemba au Desemba, usiwaahidi mgongo mwekundu. Waahidi hadithi ya safari, kisha waonyeshe kijana mwenye magamba. Uliza pia wametoka wapi. Mgeni wa Poland au Romania amemwona kwenye ua wa shamba la babu yake na atataka umpeleke kwa chozi na ninga. Mwingereza ni habari nyingine: kwao mbwigu huyu alikuwa akizaa kila mwaka, akapungua na kupungua hadi mwisho wa miaka ya 1980 akawa karibu ametoweka kama mzaliwa, na sasa kuna watu wanaosafiri kutwa kumwona mmoja aliyepotea njia. Mgeni wa aina hiyo hata kijana wa vuli atamtoa machozi. Aprili ukimpata mgeni mmoja mvumilivu asiyeogopa tope, hiyo ndiyo safari utakayoisimulia.

Mwanafunzi wa chuo anayetaka kuandika kitu, asichague. Atafute njia moja ya kilomita mbili, aitembee vuli na masika kwa saa zile zile, aandike umri, jinsia na kilele alichokaa ndege. Msimu mmoja peke yake utampa nusu ya ndege.

Kwa mahali, Unguja mimi huanzia kwenye uwanda wa mawe na vichaka upande wa mashariki na kusini, Jambiani, Makunduchi, Muyuni, na kingo za mabonde ya mpunga. Msitu wa Jozani wenyewe si mahali pake, mbwigu hapendi kivuli, ila pembezoni mwake kuelekea makonde ya watu inafaa. Pemba ni vivyo hivyo: usipoteze asubuhi ndani ya msitu wa Ngezi ukimtafuta huyu. Pita Ngezi, nenda mpaka penye uwazi kuelekea Kigomasha, au uwanda wa Micheweni. Vuli tazama penye nyasi fupi zinazochipua. Masika tazama vilele vikavu juu ya ardhi isiyofunikwa na maji.

Aliye na asubuhi moja tu katika mwaka mzima, na hajali kulowa, aiweke wiki ya pili ya Aprili. Mvua ikianza alfajiri asirudi kitandani. Ajibanze chini ya kibanda cha makuti mpaka ikatike, kisha atazame vilele. Mbwigu aliyelowa hupanda juu kabisa, hufungua mbawa na mkia, na hujikung'uta kwa muda mrefu kabla ya kukumbuka njaa. Hizo ndizo dakika ambazo hata wa masika hana haraka.